Ku Moja au Ku Mbili

Mume wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Wembe. Msidhani ni kwa ukali. Ni kwa wembamba wake. Ukali wa nyumba yetu ninao mimi, na sijawahi kumwazima. Yeye ni mtu wa polepole. Ukimtukana leo atakujibu kesho kutwa, tena kwa kukuuliza kama za kisogoni unapunguza au unaziacha.

Chumba chetu cha kazi ni kimoja, tumekigawa kwa pazia. Mbele ananyoa yeye, nyuma nashona mimi sare za shule. Kila kinachosemwa huko mbele nakisikia, nipende nisipende, na mara nyingi napenda. Jumatatu hadi Ijumaa ni siku za soga, mtu mmoja mmoja anaingia kuuliza saa. Jumamosi ndipo watu wanajaa mpaka mlangoni, na Jumamosi hiyo moja ndiyo inayolipa kodi ya chumba, mbele na nyuma.

Wanajaa kwa sababu ya kiti. Ni kiti cha chuma, kizito, chenye pedali ya kukipandisha na mkono wa kumlaza mtu chali anyolewe ndevu kama mheshimiwa. Ngozi yake nimeishona mwenyewe mara mbili. Vinyozi wengine wa mtaa wetu wana viti vya plastiki, na mteja akiegemea sana anajikuta anatazama dari. Kwetu mtu anakaa, anapandishwa juu taratibu, na uso wake unabadilika. Nimeona wanaume wazima wakiomba washushwe na kupandishwa tena.

Kiti hicho hakikuja kwa pesa, kilikuja kwa maneno. Wembe alipoanza kazi alikuwa na kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, aliyekuwa akifanya kazi kwa dalali wa mnada, akamwonea huruma. Kule mnadani kilikuwa kimebaki kiti cha saluni iliyofungwa, na kila aliyejaribu kukinyanyua alikirudisha chini akashika kiuno. Mzee akakileta kwa mkokoteni, akakishusha mlangoni kwetu, akasema, "Mwanangu, chukua kiti. Hela yako siitaki." Wembe akababaika kwa furaha, na wakikiingiza ndani akamwahidi kazi yake ya kunyoa, bure, maisha yote ya mzee. Wakapeana mikono. Hakuna aliyeandika chochote, maana mikono yote ilikuwa imejaa grisi.

Siku zile mzee alikuwa bado na nywele za pembeni, nyeupe, za kujivunia. Miaka ikaenda nazo. Watoto wakaanza kumwita Mzee Kioo, naye akaitika bila kununa. Lakini kila Jumamosi asubuhi alikuwa wa kwanza kitini. Mimi nyuma ya pazia nasikia mashine inalia, nasikia wanasengenya wachezaji wa mpira na bei ya mafuta, nikajua mzee ananyolewa. Kinachonyolewa ni nini sikujiuliza. Nilikuwa na vifungo vya kushona.

Basi Jumamosi moja Mzee Kioo akaingia akiwa ameshikwa mkono na mwanamume mwingine. Nikasikia anasema, "Wembe, huyu ni mkwe wangu, mume wa kitinda mimba wangu. Ile haki yangu ya kunyolewa nimempa yeye. Kuanzia leo atakuwa anakuja yeye badala yangu."

Nikafunua pazia kidogo. Mama yangu mzazi. Mwanamume yule ni mpiga gitaa wa bendi, na nywele zake zilikuwa zimesimama pande zote, ndevu zimeshuka zikakutana na za kifuani bila mpaka. Palepale nikambatiza jina la Msitu, na mpaka jioni mtaa wote ulikuwa umelipokea.

Nikakohoa kwa nguvu, ili mume wangu ajue aseme nini. Akageuka akaniambia, "Mama watoto, kunywa maji ya moto," kisha akamwambia Msitu, "Karibu." Huyo ndiye mume niliyepewa.

Mzee Kioo akaaga haraka, na Msitu akapanda kitini. Hakutaka kunyolewa tu. Alitaka pembeni zipungue kwa ngazi, juu zibaki, ndevu zichongwe, nyusi ziguswe, na mvi mbili zipakwe rangi. Kisha aoshwe. Kisha aoshwe tena, kwa sababu povu la kwanza lilikuwa la vumbi la ukumbini. Mashine ikapata moto mpaka Wembe akaipumzisha dirishani. Wateja wakatazama saa, wakatazamana, wakavuka barabara kwenda kwenye plastiki. Alipomaliza jua lilikuwa limeshakwenda upande wa pili, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Jumamosi iliyofuata Msitu akarudi, na nywele zimerudi naye. Sijui alikuwa anakula nini. Ile ya tatu nikahesabu vichwa vilivyokaa kile kiti kutwa nzima: kichwa chake, na cha mpita njia aliyeingia kukwepa mvua. Niwaambie ukweli, niliogopa. Chumba ni kimoja na kodi ni moja. Nusu yake ikifa, nusu yangu haiwezi kusimama peke yake, na mimi na cherehani yangu tunarudi kushonea uani kwa watu.

Nina mteja mmoja, mama, ni karani wa mahakama. Alipokuja kuchukua sketi za wanawe nikamweleza yote. Akafikiri, akasema, "Shoga, haki ni mali. Mtu anayedai anaweza kumpa mwingine haki yake, na hana haja ya kumwomba ruhusa anayedaiwa. Kikubwa amjulishe." Nikamuuliza kama hakuna namna. Akasema zipo namna, ila yeye ni karani, si wakili, na sketi moja nimeikosea kiuno.

Nikamfikishia Wembe maneno yale nikiwa karibu kulia. Yeye uso ukamng'aa. "Kumbe hivi vitu vinahama," akasema. Mimi nikadhani amefarijika tu. Sikujua kwamba alikuwa amekamata neno moja, amekimbia nalo.

Jumamosi ikafika. Msitu akapanda kitini, na Wembe akamwambia kwa adabu zake zote, "Ndugu, mzee amehamisha haki yake kwako, nami nimehamisha deni langu. Kuanzia leo utahudumiwa na huyu." Na huyo alikuwa shemeji yangu, mdogo wake Wembe, ambaye ni mpaka rangi za nyumba. Sina ubaya naye shemeji. Kazi yake ni safi, ila amezoea ukuta, na ukuta hauchekeshwi. Msitu alicheka kitu alichoambiwa na jirani, taya ikasogea, na mashine ikapita moja kwa moja kutoka sikioni mpaka kidevuni. Shemeji akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akafumba jicho moja, akauliza, "Na upande huu tuulete sawa, au unapenda hivi?"

Msitu alikuwa na onyesho usiku uleule. Waliomwona wanasema alipiga gitaa mpaka mwisho akiwa amewapa watu upande mmoja tu, kama picha ya kwenye sarafu. Wiki ile ikaja samansi. Alichokuwa anadai ni hiki: Wembe amnyoe yeye kwa mkono wake mwenyewe, kila Jumamosi, maisha yote ya Mzee Kioo. Vinginevyo kiti kirudi.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, na benchi letu lilikuwa fupi kuliko idadi yetu. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, nywele fupi za mvi. Wembe haangalii watu usoni, anaangalia pale nywele zinapoanzia, na akanong'ona kwamba aliyemnyoa hakimu hakumaliza nyuma ya sikio. Nikamkanyaga mguu.

Hakimu akaanza na habari ya ndevu. Akauliza, "Nani aliyeamua deni lihamie kwa mpaka rangi?"

"Mimi, mheshimiwa," akasema Wembe. "Mzee amehamisha la kwake, nami nikahamisha la kwangu. Niliona ndiyo usawa."

"Si usawa," akasema hakimu. "Nisikilize. Anayedai akimpa mwingine haki yake, wewe unayedaiwa kwa kawaida hupotezi kitu. Ulichokuwa unapeleka nyumba ile, unapeleka nyumba hii. Lakini wewe ukimtupia mwingine deni lako, anayedai ndiye anaachwa na mtu ambaye hakumchagua. Kwa hiyo lazima kwanza yeye akubali. Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza kama amekaa vizuri."

Watu wakaangua kicheko, na hakimu akagonga meza. Akasema kwamba kwa ndevu Wembe ana makosa, na ataomba msamaha mbele yake. Wembe akaomba msamaha. Shemeji naye akaomba, akaongeza kwamba rangi ingekuwa rahisi, unapiga mkono wa pili na hakuna anayejua. Akaambiwa akae.

Ndipo tukafika kwenye jambo lenyewe. Msitu akasimama, ndevu za upande wa kulia zimechipua kama za kijana. "Mheshimiwa," akasema, "huyu aliahidi kunyoa bure. Kunyoa. Hakusema amnyoe nani. Mzee kanipa mimi ahadi ile, kwa hiyo ananyoa nitakapokaa mimi."

"Si kweli," akasema Wembe, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikamsikia mume wangu amepandisha sauti. "Nilimwambia mzee nakubali kukunyoa. Ku-ku-nyoa. Wewe. Yeye."

Karani wa siku hiyo alikuwa mwanamume wa kuandika haraka bila kusikiliza. Hakimu akamwambia asome alichoandika, naye akasoma kwa sauti ya msikitini: "Mdaiwa anasema alikubali kuku nyoa bure maisha."

Shemeji akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, samahani. Hao kuku wameingiaje? Kaka yangu ananyoa watu tu."

Hakimu akavua miwani, akajifuta macho. Nadhani alikuwa anacheka, lakini hakimu hachekwi, anasubiriwa. Akasema kwamba kama ilikuwa ku moja, Wembe aliahidi kazi, na kazi inaweza kwenda kwa mwingine. Kama zilikuwa ku mbili, aliahidi mtu, na hilo ni jambo jingine. "Nani alikuwepo?"

Nilikuwepo mimi. Nikasimama. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kusema ku mbili. Hata kama zingetakiwa tano ningezisema tano, mbele ya yeyote, kwa ajili ya kile kiti. Hakimu akaniangalia, akauliza, "Mama, ulisikia ku moja au ku mbili?" Na mdomo wangu huu, ambao haujawahi kunitii, ukasema kilichotokea. "Nilisikia ku moja, mheshimiwa. Halafu kiti kikagusa sakafu, kikapiga kelele. Halafu nikasikia nyoa."

"Kwa hiyo ku ya pili?"

"Kama ilikuwepo, ilikwenda na kiti."

Nikakaa. Wembe hakunilaumu hata kwa jicho, na hilo ndilo lililoniumiza. Niliona nimekitoa kiti chetu kwa mkono wangu.

Hakimu akaagiza aitwe Mzee Kioo, aliyekuwa amekaa nje na binti yake. Aliingia akipapasa ukuta kwa kiganja, na nilishtuka, kwa kuwa siku zote nilimsikia tu nyuma ya pazia na sikujua macho yake yamefika pale. Binti akamkalisha. Hakimu akamtazama kichwani kwa muda. Mwanga wa dirisha ulikuwa umetulia pale juu.

"Mzee," akasema, "nywele zako ziko wapi?"

"Zilikwenda, mheshimiwa."

"Zamani?"

"Zamani sana."

Hakimu akamgeukia mume wangu. "Na wewe kila Jumamosi ulikuwa unanyoa nini?"

Wembe akatazama viatu vyake. Nikadhani sasa atajibu kesho kutwa. Akasema, "Hakuna kitu, mheshimiwa. Nilikuwa nawasha mashine, nainyanyua kidogo, napitisha juu juu bila kugusa. Halafu nampangusa kwa taulo la moto. Nilidhani hajui kama zimekwisha. Nikaona nikimwambia ataona aibu, hatakuja tena."

Nami mkewe ndiyo kwanza nasikia. Miaka yote ile, Jumamosi asubuhi, saa ya watu kujaa, mume wangu ananyoa hewa, na umeme nalipa.

Mzee Kioo akasema taratibu, "Mwanangu, kichwa changu mwenyewe nisikijue? Nilijua tangu siku ya kwanza mashine ilipopita bila kukwaruza. Nikanyamaza kwa sababu nilipenda kukaa pale. Kwangu hakuna mtu wa kuongea naye. Baadaye nikaona nakuonea. Watu wamejaa, na wewe umesimama unaninyoa upepo. Nikasema nimpe mkwe, angalau mashine ipate cha kula."

Hakuna aliyecheka. Msitu alikuwa anatazama dirishani kama mtu anayetafuta mlango. Hakimu akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akasema ku iwe moja au ziwe mbili, hazihitajiki tena. Haki huhama pale mzigo wa anayedaiwa unapobaki uleule. Mzee alikuwa anadai taulo la moto na mazungumzo. Mkwe anadai kazi ya kutwa. Huwezi kusema ni kitu kilekile kimebadilisha nyumba. Na walichokuwa wanapeana watu hawa wawili kilikuwa chao wawili, hakiwezi kupewa wa tatu bila kinyozi mwenyewe kuridhia.

"Lakini alisema karibu," akasema Msitu.

"Ningesema nini kwa mkwe wa mtu?" akauliza Wembe.

"Karibu ni adabu," akasema hakimu, "si mkataba." Kiti kikabaki kwetu. Haki ikabaki kwa mzee mpaka mwisho wa maisha yake. Msitu akitaka kunyolewa, alipie kama wenzake, na kwa nywele zile, akasema hakimu, sioni ubaya akilipia mara mbili.

Nilitoka pale nikitembea kama nimepewa nyumba. Jumamosi yangu imerudi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga kitambaa kipya cha pazia, ndipo binti wa mzee akatufuata kwenye ngazi akatuambia kwamba wanamhamisha baba. Hawezi tena kukaa peke yake, haoni vizuri, mara mbili ameanguka mlangoni. Atakaa kwao, nje kabisa ya mji, basi mbili kwenda na basi mbili kurudi. "Alijua hataweza kuja tena," akasema. "Ndiyo maana alitaka haki yake isipotee bure." Akatushukuru, akaenda kumshika baba yake.

Jumamosi asubuhi nikamkuta Wembe anafunga mashine kwenye taulo, na poda, na brashi.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Haki ni ya mzee. Hawezi kuja."

"Hakimu hakusema uende."

"Hakusema nisiende."

Hapo nilimpa maneno yake, sitawaficha. Nilimwambia tumeshinda kesi ili tupate Jumamosi, na Jumamosi ya kwanza anaipeleka nje ya mji kwa basi. Nilimwambia yule mzee hana hata unywele mmoja wa kumwita kinyozi. Nilimwambia kodi haijui taulo la moto. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akasema atarudi mapema. Mimi namjua, akikaa kuongea hajui mapema ni nini. Nikafunga mlango, nikaandika kwa chaki kwamba tunakuja, nikamfuata ili nimharakishe.

Msitu ndiye aliyetufungulia. Alituangalia, ndevu zake nusu na nusu, akamwangalia Wembe na kile kifurushi. Akaingia ndani akatoka na kiti cha kulia chakula, akakiweka barazani penye hewa, akarudi kuchemsha maji. Mzee akaletwa, akakaa. Wembe akawasha mashine, akainyanyua.

"Zima," akasema mzee. "Huo umeme ni wa mkwe wangu. Weka mkono tu."

Wembe akaizima. Akalowesha taulo, akalikamua, akamfunika mzee kichwa chote, akaweka viganja vyake viwili juu ya taulo na kuviacha pale. Wakaanza na wachezaji wa mpira. Wakaja kwenye bei ya mafuta. Mimi nilikuwa nimesimama na mkoba wangu begani, tayari kwa kusema muda umekwisha, na kila nikitaka kusema naona ule uso chini ya taulo, macho yamefumbwa, unacheka. Sikuwahi kuuona uso ule. Miaka yote nilikuwa nasikia sauti tu, nikiwa nimeinamia vifungo. Nikatua mkoba. Nikakaa.

Tulipoinuka kuondoka jua lilikuwa limeshageuka, na chaki yangu kule mlangoni ilikuwa imedanganya watu kutwa nzima. Mzee akashika mkono wa Wembe, akauliza, "Na Jumamosi ijayo?"

Mume wangu aligeuka akaniangalia mimi, akasubiri, maana Jumamosi ile ni yetu sote wawili, naye hawezi kuigawa peke yake. Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo tangu asubuhi, kali, limeshapangwa vizuri.

"Tutakuja, baba," nikasema.